Kufunga pampu ya umeme ya kusukuma dizeli kwenye Hilux Vigo inayokosa nguvu mlimani

Mzigo wa Vitunguu (Iringa) aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninamiliki Toyota Hilux Vigo ya mwaka 2010 yenye injini ya dizeli ya lita 3.0, ile ya 1KD-FTV, ambayo ninaitumia kupandisha vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Iringa mjini. Kwa miezi minne sasa gari hili limekuwa na tabia moja inayonichosha. Bondeni linakwenda vizuri, lakini likianza kuupanda Mlima Kitonga na mzigo wa takriban tani moja, mara nyingi likiwa limeshapita kona kadhaa, nguvu inakatika kana kwamba kuna mtu ameliziba pua. Taa ya injini inawaka, na hata nikikanyaga mafuta hadi mwisho injini haivuki mizunguko 2,000. Nikiegesha pembeni, nikazima na kusubiri robo saa, linawaka na kuendelea na safari kama vile halijawahi kuugua. Madereva wa malori yanayopita hunipigia honi za pole, na nasikitika kusema kwamba nimeanza kuzizoea.

Fundi alilipima kwa mashine akapata kosa namba P0087, maana yake presha ya mafuta ndani ya reli, lile bomba la pamoja linalogawia nozeli mafuta, iko chini kuliko ile ambayo kompyuta ya gari inaitaka. Filta ya dizeli imebadilishwa mara mbili, na nozeli zilipelekwa kupimwa zikarudi na majibu kwamba ni nzima. Sasa gereji ninayoitegemea inanishauri nifunge pampu ya umeme karibu na tenki ili iisaidie pampu kubwa ya injini kupata mafuta ya kutosha. Fundi anayo pampu iliyotolewa kwenye tenki la gari dogo la petroli na anasema ataifunga kwa saa mbili. Rafiki yangu mwingine ananihimiza niagize mfumo kamili kutoka Marekani, wenye pampu na filta mbili kwenye kitako kimoja, ambao kwa bei niliyotajiwa ni lazima niuze vitunguu vya msimu mzima.

Naomba kujua mambo mawili. Je, Vigo inahitaji pampu ya namna hiyo, ikizingatiwa kwamba ilitoka kiwandani bila kuwa nayo? Na ikiwa inahitaji, ni pampu ya ukubwa gani, na ifungwe wapi?

Fundi wa Pampu (Mbeya) alijibu:

Ndugu Mzigo wa Vitunguu, pole kwa usumbufu. Kabla ya jambo lolote, nakuomba ile pampu ya petroli uiache hukohuko iliko. Pampu ya gari la petroli linalotumia nozeli za umeme hutengenezwa ili itoe presha ya karibu bar 3, wakati njia ya mafuta ya Vigo yako, kuanzia tenki hadi kwenye pampu kubwa, haikuundwa kusukumiwa chochote. Iliundwa kunyonya. Nyumba ya filta, pampu ndogo ya mkono iliyo juu yake, mipira na vibano vyake vyote vimezoea kuvutwa kwa ndani, na ukivisukumia bar 3 kutoka ndani kwenda nje utaanza kuona dizeli inachuruzika chini ya boneti. Hiyo ndiyo nafuu. Mahali pabaya zaidi ni sili ya shafti ya pampu kubwa, kwa sababu ikilegea pale, dizeli inaingia kwenye oili ya injini bila wewe kuona tone hata moja chini ya gari.

Sasa niseme jinsi mfumo wako unavyofanya kazi, kwa kuwa jibu la swali lako la kwanza limo humo. Pampu kubwa ya injini hiyo ni ya Denso, aina ya HP3, na ndani yake kuna pampu nyingine ndogo ya kuzunguka ambayo kazi yake ni kunyonya dizeli kutoka tenkini, kuipitisha kwenye filta, kisha kuikabidhi kwa vipande viwili vinavyoibana hadi kwenye reli. Kati ya hizo mbili ipo vali ya umeme ambayo mafundi huiita SCV, na vali hiyo ndiyo inayopima mafuta yaingie kiasi gani. Reli inahitaji presha ya bar mia tatu hivi injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, na inapobeba mzigo mlimani inapanda kuvuka bar 1,500. Kosa P0087 linakwambia tu kwamba presha hiyo haikufikiwa. Halikwambii kama mafuta hayakufika, au yalifika yakavujia ndani, au SCV imekwama kwa uchafu. Sababu ni nyingi na namba ni ileile moja, ndiyo maana sipendi mtu anaposoma namba kwenye mashine kisha akaanza kununua vifaa.

Katika maelezo yako kuna jambo ambalo limenivutia kuliko hiyo namba. Unasema ukisubiri robo saa gari linapona. Nozeli zinazorudisha mafuta mengi kupita kiasi kwa kawaida huanza kukusumbua wakati wa kuwasha, hasa injini ikiwa ya moto, na SCV mbovu hutikisa sailensa na kuzima gari hata mahali pa tambarare. Lakini gari linalokufa likiwa linavuta mafuta mengi, kisha likafufuka baada ya kuzimwa, mara nyingi lina kitu kinachoziba njia ya kunyonya na kuiachia injini inapotulia. Hapo nafikiria kishimo cha kupumulia cha tenki kilichoziba, mpira uliooza kwa ndani ambao ngozi yake hujikunja kama kilango, au takataka iliyomo tenkini.

Jaribio la kwanza ni la bure. Gari litakapokufa tena Kitonga, kabla ya kuzima, mtu ashuke afungue kifuniko cha tenki. Akisikia tenki linavuta pumzi kwa nguvu na gari likapata uhai, tatizo ni upumuaji wa tenki, na hutahitaji pampu wala fundi.

Jaribio la pili ni la dumu. Tafuta dumu safi la lita 20, ulijaze dizeli ya kituo unachokiamini, ulifunge barabara ndani ya bodi ya nyuma, kisha mpira unaoingia kwenye filta uuchomoe na badala yake uweke mpira mpya wa dizeli unaotoka kwenye dumu hilo. Usisahau mpira wa marejeo, nao uelekezwe dumuni, la sivyo utakuwa unalihamisha dumu lote kwenye tenki na utaishiwa mafuta kabla ya kufika Ilula. Mdomo wa dumu uzibwe vizuri kuzunguka mipira ili dizeli isimwagike kwenye kona, ila pumzi iingie. Panda mlima na mzigo uleule. Gari likipanda bila kusita, ugonjwa uko kati ya tenki na filta. Likifa vilevile, ugonjwa uko mbele, na hakuna pampu ya umeme itakayoutibu.

Nimalizie na onyo, kwa maana wengi tulijifunza ufundi kwenye injini za zamani. Katika 1HZ au 2L tulikuwa tunalegeza nati za nozeli injini ikizunguka ili kutoa upepo, na hapakuwa na madhara makubwa zaidi ya kuchafua mikono. Katika injini hii usimruhusu mtu kufanya hivyo kamwe. Dizeli inayotoka kwa bar elfu moja na zaidi hupenya ngozi kama sindano, na jeraha lake huonekana dogo wakati ndani mkono unaoza. Upepo wa 1KD hutolewa kwa ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu, basi.

Mpwani Ughaibuni (Ohio, Marekani) alijibu:

Salaam kwenu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi huku kwa miaka kumi na tano, na pikapu za dizeli ndizo zinazonilisha. Kwa kuwa mfumo wa Kimarekani umetajwa, naona ni vyema nieleze ulitokana na nini, kwa sababu wengi wanauagiza bila kujua ulikusudiwa kutibu ugonjwa gani.

Chanzo kikubwa ni pikapu za Dodge Ram za kuanzia katikati ya mwaka 1998 hadi 2002, zenye injini ya Cummins ya lita 5.9 na pampu ya Bosch iitwayo VP44. Pampu ile hupozwa na kulainishwa na dizeli yenyewe, na inategemea isukumiwe mafuta na pampu ndogo ya umeme ambayo kiwanda kiliifunga ubavuni mwa injini, mbali na tenki, mahali penye joto na mtikisiko. Pampu ndogo ilikuwa ikichoka kimyakimya, gari likiendelea kutembea, na siku mwenye gari anapogundua kuwa kuna tatizo, VP44 imeshakufa nayo. Ndiyo maana wamiliki wa magari yale walianza kufunga pampu za nje kwenye chesisi karibu na tenki, pamoja na geji ya presha mbele ya dereva, na mpaka leo anayenunua Ram ya miaka ile huuliza habari za geji kabla hajauliza kilomita. Majina kama FASS na AirDog yalikua katika mazingira hayo. Mifumo hiyo husukuma mafuta, huyachuja, hutenganisha maji na hata viputo vya hewa, na kurudisha hewa hiyo tenkini.

Upande wa pili wako wenye Chevrolet na GMC zenye injini ya Duramax, ambazo tangu mwaka 2001 hadi 2016 zilitoka kiwandani bila pampu ya umeme ya kusukuma, sawasawa na Vigo yako. Pampu yao kubwa hunyonya yenyewe kutoka tenkini. Magari hayo yametembea maelfu kwa maelfu ya kilomita hivyohivyo. Wanaofunga pampu ya nje ni wale walioongeza nguvu ya injini kupita ile ya kiwanda, au wanaovuta matrela mazito, au waliochoka na mipira iliyozeeka inayovuta upepo.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ununue mfumo huo kwa Vigo isiyoongezwa nguvu, nitakujibu hapana, na hesabu itanisaidia. Injini yako hutoa takriban kilowati 120. Dizeli ya aina hii hutumia karibu gramu 220 kwa kila kilowati kwa saa, kwa hiyo ukiikamua yote unachoma kilo 26 hivi, sawa na lita 32 kwa saa. Ongeza mafuta yanayozunguka kupoza pampu na kurudi tenkini, bado pampu ya lita 100 kwa saa inakutosha na kubaki. Mfumo wa Kimarekani wa kawaida hutoa lita 350 hadi 600 kwa saa, na kwa presha ambayo njia iliyoundwa kunyonya haikukusudiwa kuibeba. Ni sawa na kumnywesha mtoto maji kwa mpira wa zimamoto.

Jambo moja tu ningeliongeza kwenye majaribio ya Fundi. Huku tunatumia geji ya uvutaji, ile inayosoma inchi za zebaki, tukiunganisha kati ya filta na pampu kubwa kwa kipande cha bomba chenye midomo mitatu. Gari lenye njia safi husoma inchi mbili au tatu likiwa na mzigo. Mimi geji ikifika tano ninabadilisha filta, na ikiwa filta ni mpya ninaanza kurudi nyuma kuelekea tenkini. Geji hiyo ni ya bei ndogo, na tofauti na mashine ya kusoma makosa, inakuonyesha njaa ya pampu kabla taa haijawaka.

Cruiser ya Bonde (Eldoret) alijibu:

Ndugu zangu, nakubaliana na mengi yaliyosemwa, ila sipendi mwulizaji aondoke akidhani kwamba pampu ya umeme ni kosa siku zote. Mimi nina Land Cruiser ya 79 yenye 1HZ, na nimeifungia tenki la pili kwa ajili ya safari za Turkana. Kutoka tenki lile hadi kwenye pampu ya injini ni mbali, mpira unapanda na kushuka, na kila mara nilipobadilisha tenki nilikuwa ninavuta upepo na kusimama. Nilifunga pampu ndogo ya umeme yenye presha isiyozidi psi 5, yaani kama theluthi moja ya bar, na huu ni mwaka wa tatu sijapata taabu. Kutoa upepo baada ya kubadilisha filta pia kumekuwa kazi ya dakika moja. Nawasha swichi, nasikiliza sauti ya pampu ikibadilika, nimemaliza.

Hata hivyo kuna hasara ambayo sikuitarajia. Zamani mpira ukipasuka kidogo, injini ilikuwa inakohoa kwa sababu ya upepo, nami nikajua. Sasa ufa uleule hauleti upepo, unamwaga dizeli, na niligundua wa kwanza kwa kuona vumbi la chesisi limegeuka tope jeusi. Anayefunga pampu ajue kwamba kuanzia siku hiyo hatasikia tena ugonjwa wa mipira kwa masikio, itabidi ajilaze chini ya gari na kuutazama kwa macho.

Kuhusu ubora wa mafuta, huku kwetu mchanganyiko wa mafuta ya taa ulikuwa umezidi hadi serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili wachakachuaji wasione faida. Nanyi huko nasikia mnaweka vinasaba, yaani alama ya siri ya kutambulisha mafuta halali. Lakini dizeli inaweza kutoka kituoni ikiwa safi na kuharibikia mikononi mwetu wenyewe. Ndugu mwulizaji, unajaza mafuta wapi?

Mzigo wa Vitunguu (Iringa) aliandika:

Nawashukuru sana wote. Swali la ndugu wa Eldoret limenigusa mahali ambapo sikupafikiria. Nikiwa safarini ninajaza kituoni, lakini Ruaha Mbuyuni mara nyingi ninamimina kutoka kwenye madumu ya dizeli ninayoyaweka kwa ajili ya mashine ya kumwagilia. Kesho kutwa nina safari, nitafanya jaribio la kifuniko na la dumu, na nitaleta majibu. Wakati huohuo naomba Fundi anieleze, ikiwa mwishowe nitafunga pampu ndogo kama ya ndugu wa Eldoret, inatakiwa kufungwaje, ili nisiwe ninabahatisha mbele ya fundi wangu.

Fundi wa Pampu (Mbeya) alijibu:

Mpangilio ni huu: tenki, kisha filta ya awali yenye kikombe cha kukusanya maji, kisha pampu ya umeme, kisha filta ya kiwanda, ndipo pampu kubwa. Watu wengi hutanguliza pampu na kuiweka filta ya maji mbele yake, na hilo ni kosa ambalo halionekani kwa macho. Maji yakipita kwanza kwenye pampu hupigwapigwa na kusagwa kuwa matone madogo mno yaliyochanganyika na dizeli, na filta inashindwa kuyatenga. Yakinyonywa polepole kabla ya kupigwa, yanazama yenyewe kwenye kikombe. Filta hiyo ya awali isiwe ya kuchuja vitu vidogo sana, mikroni 30 zinatosha, kwa maana ukiweka ya mikroni 2 upande wa kunyonya unakuwa umeiongezea pampu mzigo uliokusudia kuupunguza.

Pampu yenyewe ifungwe upande wa ndani wa chesisi, karibu na tenki na chini ya usawa wa mafuta inapowezekana, mbali na bomba la moshi, na ikae juu ya raba ili mlio wake usiingie kwenye kabini. Chagua ile inayoruhusu mafuta kupita hata ikiwa imekufa. Zile zenye vipande vya kuzunguka mara nyingi haziruhusu, nazo huhitaji njia ya pembeni yenye vali ya kwenda upande mmoja. Bila hivyo, siku pampu ya msaada ikifa, gari zima litakuwa limekufa kwa sababu ya kifaa ambacho hukukihitaji mwanzo. Mpira uwe wa dizeli hasa, wa milimita 8 kwa ndani, ukatwe kwa kisu kikali. Msumeno wa chuma unaacha chembe ndani ya mpira, na chembe moja ikiifikia SCV utanikumbuka.

Umeme ndio unaofanywa ovyo kuliko vyote. Nimeona pampu zilizounganishwa moja kwa moja na swichi ya funguo, maana yake gari likigonga na injini ikazima huku swichi ikiwa wazi, pampu inaendelea kumwaga dizeli juu ya chuma cha moto. Tumia relei, waya mkuu utoke kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 10 iliyo karibu na betri, na kichocheo cha relei kitoke kwenye waya wa L wa altaneta (ule wa taa ya chaji) au kwenye swichi ya presha ya oili, ili injini ikisimama pampu nayo isimame. Usiogope kwamba wakati wa kuwasha haitakuwa imeanza, kwa kuwa HP3 hujinyonyea yenyewe. Mahali waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi pakwanguliwe rangi kwanza.

Mzigo wa Vitunguu (Iringa) aliandika:

Ndugu zangu, nimerudi na majibu, na nimechelewa kwa sababu nilitaka nipande mlima mara tatu kabla ya kuandika.

Jaribio la kifuniko lilifanyika Jumanne. Gari lilipokufa mahali pake pa siku zote, utingo wangu alishuka na kufungua tenki huku injini ikiunguruma, hapakusikika pumzi yoyote, na nguvu haikurudi. Alhamisi nikafunga dumu kwenye bodi kama Fundi alivyoelekeza, pamoja na mpira wa marejeo, tukapakia mzigo uleule. Vigo ilipanda Kitonga kutoka chini hadi juu bila kusita hata kwenye kona moja, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka huu uanze mimi ndiye niliyelipita lori.

Tulipofika Iringa nilimwomba fundi wangu aniteremshie tenki. Hakupenda, maana alikuwa ameshaitandika pampu yake ya petroli juu ya meza ikinisubiri. Tulipomwaga mafuta yaliyobaki kwenye beseni ilitoka karibu nusu kikombe ya maji, mchanga kidogo, na kipande cha nailoni ya bluu kikubwa kama kiganja, kile cha mifuko ya Rambo iliyopigwa marufuku Juni 2019. Nilikitambua mara moja. Madumu yangu ya shambani yamepoteza raba za vifuniko, nasi huyakaza kwa kuweka kipande cha nailoni mdomoni kabla ya kufunga. Kimoja kilidumbukia wakati wa kumimina, na tangu hapo kimekuwa kikizungukazunguka humo. Gari likiwa tambarare uvutaji ni mdogo na chenyewe kinapita pembeni. Nikikamua mafuta mlimani kinavutwa hadi kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea na kuugandama. Nikizima injini kinaachia na kwenda zake.

Fundi wangu alikitazama kwa muda, akakigeuza kwa bisibisi, kisha akaniuliza mwenyewe, bila mimi kusema neno, kwamba ile pampu ya bar 3 ingekifanya nini. Tulicheka wote wawili. Pampu sijafunga. Nimefunga filta ya awali yenye kikombe, kwa kuwa yale maji yalinitisha, na geji ya uvutaji kama alivyoshauri ndugu wa Ohio. Jana, na vitunguu vilevile, ilisoma inchi mbili na nusu juu kabisa ya mlima.

Cruiser ya Bonde (Eldoret) aliandika:

Hongera. Sasa hesabu vipande vya nailoni vilivyobaki kwenye madumu yako.

Mzigo wa Vitunguu (Iringa) aliandika:

Nimeshahesabu. Madumu ni sita, vipande ni vinne. Kimoja tumekipata, cha pili bado ninakitafuta, na mashine ya kumwagilia tangu wiki iliyopita inawaka na kuzima.